Ukitaka kumjua Paulo, anza na Korintho

Nafundisha Agano Jipya, na mara nyingi naulizwa mtu aanzie wapi akitaka kumjua mtume Paulo. Wengi hutarajia niseme Warumi. Mimi huwaelekeza kwenye Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho, barua yake kwa kanisa la mji wa Korintho huko Ugiriki, na huwaomba wausome wote kwa kikao kimoja.

Warumi aliwaandikia kabla hajafika kwao, kwa hiyo anapima maneno. Wakorintho alikuwa anawajua kwa majina. Alikaa nao mwaka mmoja na miezi sita, akishona mahema pamoja na Akila na Prisila, waliokuwa wamefukuzwa Rumi kwa amri ya Kaisari Klaudio. Hata wakati wenyewe tunaujua kwa karibu: kitabu cha Matendo kinasema alishtakiwa huko Korintho mbele ya liwali Galio, na maandishi ya jiwe yaliyopatikana Delphi, mji mwingine wa Ugiriki, yanaonyesha kwamba Galio alikuwa madarakani kama mwaka 51 au 52. Ni nadra sana kupata tarehe ya namna hiyo katika maisha ya mitume.

Mji wenyewe ulikuwa mpya juu ya magofu. Warumi waliuangamiza mwaka 146 kabla ya Kristo, kisha Julius Caesar akaufanya koloni mwaka 44 kabla ya Kristo, na wengi wa walowezi wake wa kwanza walikuwa watumwa walioachwa huru. Ulikuwa na bandari mbili, na fedha ilipita hapo kwa wingi. Mahali kama hapo mtu hupanda cheo, na akipanda hupenda aonekane.

Sasa fungua sura ya 11. Kanisa linakutana kwa chakula cha Bwana, wenye nacho wanawahi kula na kunywa, na wengine wanabaki na njaa. Maneno ya Paulo kuhusu mkate na kikombe, yale yanayosomwa makanisani hadi leo, yalizaliwa katika kukemea karamu hiyo. Ukiyang'oa hapo utabaki na ibada nzuri, lakini hutajua kwa nini amekasirika. Pia ni ya zamani kuliko Injili zote nne, kwa maana waraka huu uliandikwa kutoka Efeso katikati ya miaka ya 50.

Tena, tunasikia upande mmoja tu wa mazungumzo. Watu wa nyumbani mwa Kloe wamempelekea Paulo habari za mafarakano. Wakorintho nao wamemwandikia maswali, na kuanzia sura ya 7 anayajibu moja baada ya jingine: ndoa, nyama iliyotolewa sadaka kwa sanamu, karama. Katika sura ya 5 anataja barua aliyowaandikia kabla ya hii, na barua hiyo haipo tena. Kwa hiyo "wa kwanza" si wa kwanza kabisa.

Mstari ninaoupenda kuliko yote haumo katika sura ya 13, ile ya upendo inayosomwa harusini; samahani kwa wanaofunga ndoa. Umo katika sura ya 1. Paulo anashukuru kwamba hakumbatiza mtu kwao ila Krispo na Gayo; mara anakumbuka aliwabatiza na watu wa nyumbani mwa Stefana, halafu anakiri kwamba zaidi ya hao hajui. Yaonekana anatamka huku mwandishi akiandika, na hakuna aliyerudi nyuma kusafisha. Huyu ni mtu anayefikiri kwa sauti, mwenye haraka na uchungu.

Ukimaliza, endelea moja kwa moja na Waraka wa Pili. Utakuta mambo hayakutulia: anagusia ziara iliyomhuzunisha na barua aliyoandika kwa machozi mengi. Na kuelekea mwisho wa karne hiyo, kanisa la Rumi liliwaandikia Wakorintho waraka mrefu, kwa sababu walikuwa wamewaondoa wazee wao katika huduma. Ndani yake wanakumbushwa waende wakausome tena waraka wa Paulo.