Ganzi ya Vidole Usiku: Tiba za Jeraha Dogo kwa Neva Iliyobanwa Kifundoni

Mtu anayeamka usiku wa manane vidole vikiwa na ganzi na kuwaka moto, akalazimika kukung'uta mkono mpaka hisia zirudi, huenda neva yake ya kati imebanwa kwenye kifundo cha mkono. Neva hiyo hupita pamoja na kano 9 za kukunja vidole katika mfereji mwembamba wenye mifupa chini na utepe mgumu wa nyuzi juu, kiasi kwamba kano zikivimba, neva ndiyo inayoumia. Dalili hukaa katika kidole gumba, cha shahada, cha kati na nusu ya kidole cha pete. Ganzi ikiwa imeshika hata kidole kidogo, daktari atachunguza pia shingo, kiwiko na madhara ya kisukari.

Hapa Uganda wagonjwa wetu ni mafundi cherehani, wakandaji wa unga wa chapati na wavunja mawe, lakini pia wajawazito na wenye kisukari, baridi yabisi au upungufu wa homoni za thairoidi, ambao pengine hawajawahi kushika nyundo. Wengi hufika baada ya miezi mingi ya kumeza vidonge vya maumivu kutoka duka la dawa, navyo haviondoi mbano.

Tiba ya kwanza ni banzi linalonyoosha kifundo, linalovaliwa usiku kwa takriban wiki 6. Kwa mjamzito mara nyingi hilo hutosha, kwani dalili hupungua baada ya kujifungua.

Sindano ya steroidi, yaani dawa ya kupunguza uvimbe, kando ya neva hufanya kazi upesi zaidi: utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba baada ya wiki 6 ilishinda banzi, ingawa kufikia miezi 6 tofauti hiyo haikuonekana tena. Kwa hiyo ni nafuu ya muda, na mwenye kisukari aonywe kwamba sukari yake inaweza kupanda kwa siku kadhaa. Mashine ya ultrasaundi ikiwepo, daktari huiona sindano inavyoikaribia neva.

Mbano usipokubali, utepe hukatwa. Kwa kamera ndogo jeraha huwa la sentimita 1 au 2 na mgonjwa hurudi kazini mapema. Kwa kuongozwa na ultrasaundi huwa la milimita chache tu. Hata hivyo, sioni sababu ya kusubiri kamera, kwa kuwa baada ya mwaka mmoja matokeo hukaribiana na yale ya upasuaji wa wazi. Huu wa wazi nao umekuwa mwepesi: dawa ya ganzi iitwayo lignokeini, iliyochanganywa na adrenalini, huondoa maumivu na kupunguza kuvuja damu, hivyo mkono haufungwi kwa mpira wa kuzuia damu, mgonjwa halazwi usingizi, na hurudi nyumbani siku hiyo hiyo.

La kuharakisha ni mnofu wa chini ya kidole gumba. Ukiwa umeanza kunywea, au vifungo vya shati vinakuponyoka, usiendelee kurudia sindano. Omba rufaa kutoka kituo cha afya cha ngazi ya nne hadi hospitali ya rufaa ya mkoa, au kwa wapasuaji wa mikono wa Kampala na Kisubi. Ganzi ya usiku mara nyingi hutoweka siku chache baada ya upasuaji, nguvu za kushika hurejea kwa miezi, lakini mnofu uliokwisha kunywea kabisa huenda usirudi.