Mazuku, kopo la maharagwe na karma ya Wabuddha

Mazuku, ile gesi ya sumu ya ardhini, yakimwua mtoto upande wa Bulengo, karibu na Goma, maneno hayakosekani kwenye matanga. Wengine husema ni mapepo, wengine ni mkono wa mtu, na siku hizi hakosi kijana mwenye simu atakayesema ni karma ya familia ile, yaani malipo ya matendo yao ya zamani. Wawili wa kwanza nawaachia wenye kuyajua mambo hayo. Huyo wa tatu ndiye ninayemwandikia, maana anatumia fundisho la Kibuddha kwa namna ambayo Buddha mwenyewe aliikataa, tena waziwazi.

Katika maandiko ya Kipali, lugha ya kale ya Wabuddha, kuna mtawa mzururaji wa dini nyingine, Moliya Sivaka, aliyekwenda kumwuliza Buddha: wako walimu wanaosema kila anachokihisi binadamu, kiwe raha, kiwe maumivu, kiwe hali isiyo hii wala ile, kinatokana na matendo ya zamani. Wewe unasemaje? Buddha akamtajia asili nane: nyongo; kohozi; upepo wa mwilini; hayo matatu yakivurugika pamoja; mabadiliko ya majira; kutojitunza; kushambuliwa na wengine; na ya nane, matunda ya karma. Saba kati ya nane si karma. Akaongeza kwamba wanaosema yote ni matendo ya zamani wanapita mpaka wa yale ambayo mtu anaweza kuyajua mwenyewe na yale ambayo ulimwengu unayakubali kuwa kweli. Karne kadhaa baadaye mtawa Nagasena aliirudia orodha hiyohiyo mbele ya mfalme Milinda, walipokuwa wakijadili kwa nini Buddha, aliyejaa wema, aliumizwa mguu kwa kipande cha jiwe. Hilo jiwe lilisukumwa na mtu. Nagasena hakuona haja ya kutafuta kosa la zamani.

Basi tumrudie yule mtoto. Mazuku ni gesi ya kaboniki inayopanda kutoka ardhini katika nchi hii ya volkano. Ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo inatuama mabondeni na mashimoni, hasa usiku na alfajiri kabla jua na upepo havijaitawanya. Mtu mzima aliyesimama anaweza kupita salama mahali ambapo mbuzi, au mtoto aliyeinama kuokota kitu, anaanguka palepale. Wafafanuzi wa Theravada, shule kongwe ya Kibuddha, waligawa taratibu za ulimwengu katika tano: ya joto na majira, ya mbegu, ya karma, ya akili, na ya maumbile ya mambo yenyewe. Mazuku yanaingia katika ya kwanza, pamoja na lava iliyoshuka kutoka Nyiragongo tarehe 22 Mei 2021. Anayewaambia watu wa Buhene kwamba nyumba zao ziliungua kwa sababu ya karma yao amechukua fungu moja kati ya matano na kulifanya yote.

Sasa karma yenyewe ni kitu gani? Buddha aliifunga katika nia: nia ndiyo ninayoiita karma, alisema, mtu akishanuia, hutenda kwa mwili, kwa maneno na kwa akili. Hapo ndipo alipoachana na Wajaini, wafuasi wa dini nyingine ya India ya wakati wake, ambao waliona tendo la mwili ndilo lenye uzito mkubwa kuliko la akili. Kwake yeye mpangilio uligeuka juu chini. Wabuddha wanahesabu njia kumi za matendo mabaya: tatu za mwili (kuua, kuiba, uzinzi), nne za mdomo (uongo, fitina, maneno makali, porojo), tatu za akili (tamaa ya mali ya mwingine, chuki ya kutaka kudhuru, mtazamo potovu). Hizo tatu za mwisho hazihitaji hata kidole kusogea.

Namna bora ya kuelewa nia inavyofanya kazi ni kuchukua tendo moja dogo na kulipasua. Sokoni maharagwe hupimwa kwa kopo. Kuna kopo ambalo kitako chake kimegongwa kwa jiwe hadi kikaingia ndani. Kwa nje linaonekana zima, kwa ndani limepungua ujazo. Ufafanuzi wa Theravada unataka mambo matano yakutane ndipo tendo lihesabike kuwa wizi kamili: mali iwe ya mwingine, mtendaji ajue kuwa ni ya mwingine, awe na nia ya kuichukua kwa wizi, afanye jitihada, na mali ichukuliwe kweli. Mama aliyegonga kitako yeye mwenyewe anayo yote matano kila anapomimina maharagwe kwenye mfuko wa mteja. Binti yake anayetoka shuleni na kukalishwa pale mezani amuuzie, hajui habari za kopo. Anajaza, anamimina, anapokea faranga. Mteja anapata hasara ileile hadi punje ya mwisho, lakini kwa binti la pili na la tatu hayapo, na wizi haukukamilika. Siku akiingiza mkono kusafisha kopo, akagusa ule uvimbe, akaelewa, kisha akaendelea kupima, mkono wake utafanya mwendo uleule wa jana na karma itakuwa nyingine kabisa.

Kosa la kwanza la wasomaji wapya liko hapa: wanapima karma kwa ukubwa wa hasara. Hasara ina nafasi yake, sikatai. Katika kuua, kwa mfano, wafafanuzi wanaangalia ukubwa wa mnyama na jitihada iliyotumika, na kwa binadamu wanaangalia wema wa aliyeuawa. Lakini wanaangalia pia ukali wa uchafu uliokuwa moyoni, na pasipo nia hakuna cha kupimwa. Motari, dereva wa pikipiki, aliyegonga kuku aliyekatiza barabara ghafla atamlipa mwenye kuku, hilo ni la mtaa. Karma ya kuua hana. Ila kama aliendesha ovyo, uzembe wake nao ni hali ya akili, na huo ndio wa kuuchunguza.

Kosa la pili ni kuifanya karma kuwa daftari la madeni, faranga mia kwa faranga mia. Buddha alilikataa hilo kwa mfano wa donge la chumvi. Ukilitia katika kikombe cha maji, maji hayanyweki. Ukilitupa katika mto Ganges, mto haubadiliki ladha. Tendo dogo baya la mtu asiyeutunza mwili, maadili wala akili yake linaweza kumpeleka pabaya sana, na tendo lilelile kwa mtu aliyejijenga likaonjeka kidogo tu papa hapa, likaisha. Katika hotuba hiyohiyo anataja maskini anayefungwa kwa nusu ya sarafu, wakati mwenye uwezo hafungwi kwa sarafu mia. Hakuwa anasifu jela za wakati wake; alikuwa anaonyesha kwamba tunda hutegemea pia mahali linapoangukia. Na anasema jambo ambalo wengi hawalitegemei: ingekuwa kila mtu analipwa sawasawa na alivyotenda, kipimo kwa kipimo, maisha ya kiroho yasingekuwa na maana, kwa kuwa hakuna ambaye angeweza kutoka.

Wakati wa kuiva nao hauna kalenda moja. Vitabu vya Abhidhamma, yaani vya uchambuzi wa mafundisho, vinataja aina nne: inayoiva katika maisha haya, inayoiva katika maisha yanayofuata, inayoiva baadaye zaidi, na ile iliyokosa masharti yake ikapita bila tunda. Hiyo ya nne husahauliwa sana, nami naona ndiyo inayoonyesha vizuri kuliko zote kwamba karma si majaliwa.

Wanaopinga maelezo haya huleta hotuba aliyopewa kijana Subha. Humo Buddha anataja njia kumi na nne: muuaji huwa na maisha mafupi, mkatili huwa na maradhi, bahili huwa maskini, na kadhalika, pamoja na kinyume cha kila moja. Si kweli basi kwamba maskini alikuwa bahili? Hapana. Kasiksi, pombe ya ndizi, huumiza kichwa asubuhi, lakini si kila anayeamka na kichwa kinachouma alikunywa kasiksi. Hotuba ya Subha inatoka kwenye tendo kwenda kwenye tunda. Jibu la Sivaka linafunga njia ya kurudi nyuma, kutoka kwenye maumivu hadi kwenye kosa. Tena kuna hotuba nyingine inayoonya hata wenye macho ya ndani: mtawa anamwona muuaji akizaliwa mbinguni, anaharakisha kusema matendo mabaya hayana tunda. Kumbe kuna tendo jema la kabla au la baada, au mtazamo sahihi saa ya kufa, ambalo hakuliona. Ni kweli kwamba hadithi za Kibuddha zimejaa visa vya fulani alipatwa na hili kwa sababu zamani alifanya lile. Angalia ni nani anayetamka hivyo: ni Buddha, aliyehesabiwa kuwa na ujuzi wa kuona maisha yaliyopita. Kwa sisi wengine, utendaji kamili wa matunda ya karma umewekwa miongoni mwa mambo manne yasiyofikirika, ambayo mwenye kuyalazimisha huishia kwenye wazimu na usumbufu.

Kwa upande wa kuzaliwa upya (si kule kwa makanisa ya uamsho), mzigo mkubwa ni wazo la roho inayotoka mwili mmoja na kuhamia mwingine. Mtawa Sati, mwana wa mvuvi, alifundisha hivyo: fahamu hiihii ndiyo inayozunguka. Buddha alimwita mbele ya watawa wenzake na kumkemea vikali, akieleza kwamba fahamu huzuka kwa masharti na pasipo masharti haizuki. Kinachoendelea ni mfululizo. Milinda, yaani Menander, mfalme Mgiriki wa karne ya 2 kabla ya Kristo, alipouliza kama anayezaliwa ni yuleyule au mwingine, Nagasena alijibu si yuleyule wala si mwingine, akatoa mfano wa taa inayowaka usiku kucha. Mfalme akaona upenyo: basi mtu anaponyoka karma yake! Nagasena akamletea mwizi wa maembe anayejitetea kwamba maembe aliyochuma si yale yaliyopandwa. Mfalme mwenyewe akamhukumu, kwa kuwa haya yametoka kwa yale.

Zaidi ya hapo shule zinatofautiana, na mwandishi anayesema "Wabuddha wanaamini" bila kutaja shule gani msome kwa tahadhari. Theravada wanasema fahamu ya mwisho ikikoma, ya kuzaliwa inafuata mara moja. Watibeti wanafundisha hali ya katikati ya hadi siku 49. Theravada wanahesabu ngazi 31 za kuwepo, picha za Tibet huchora milki sita. Shule ya Yogachara iliongeza fahamu ya ghala inayotunza mbegu za matendo. Karne ya 20 mtawa wa Thailand, Buddhadasa (1906–1993), alisisitiza kuzaliwa kwa "mimi" kila dakika tamaa inapowaka. Kwa mazoezi ya kila siku namkubali, lakini hotuba nyingi zinasema wazi "mwili unapovunjika, baada ya kifo", na maneno hayo hayatafsiriki kuwa fumbo bila kuyavunja mbavu.

Swali la mwisho huwa la matanga: je, ninachotoa kinawafikia wafu wangu? Janussoni, Brahmana (mtu wa tabaka la makuhani wa India), alimwuliza Buddha swali hilo. Alijibiwa kwamba sadaka humfikia ndugu aliyezaliwa katika milki ya mapepo yenye njaa. Aliye jahanamu, aliye mnyama, aliye binadamu au mungu anaishi kwa chakula cha huko aliko. Na kama ndugu huyo hayuko huko? Wengine wa ukoo walioko huko watapokea. Na kama hayuko hata mmoja? Haiwezekani, alisema Buddha, kwa muda mrefu hivi mahali pale pakose jamaa zako. Na hata hivyo mtoaji hakosi tunda lake.