Roki nzito kwenye AM: acheni kuyasingizia mawimbi

Wiki hii nimeambiwa tena, na mtu wa redio kabisa, kana kwamba ni jambo lililokwisha kuamuliwa: AM, yaani redio ya masafa ya kati, ni ya mahubiri, mpira na taarifa ya habari, roki nzito pale haisikiki. Nimeyasikia haya mara nyingi mno, na karibu kila mara kutoka kwa watu ambao hawajawahi kukaa mbele ya mtambo wa masafa ya kati na kutazama sindano ya modulesheni, ile inayoonyesha sauti inavyolijaza wimbi, wimbo ukipigwa. Sasa naandika.

Historia nitaipitia haraka, kwa sababu haina ubishi. WLS, stesheni ya Chicago kwenye kilohezi 890, yenye nguvu ya kilowati 50, iligeukia rock 'n' roll mwaka 1960. CKLW, kwenye 800, ilikuwa Windsor upande wa Kanada, lakini wasikilizaji wake walikuwa ng'ambo ya mto, Detroit, na wengine mbali zaidi, hadi Cleveland. Mkuu wake wa muziki, Rosalie Trombley, alikuwa na sikio ambalo kampuni za rekodi zililiheshimu na kuliogopa. Alice Cooper na Bob Seger walipigwa pale, kwenye AM, gitaa zao zikiunguruma.

Halafu kuna KAAY ya Little Rock, Arkansas, kwenye 1090, nayo kilowati 50. Mwaka 1966 ilianza kipindi cha usiku kilichoitwa Beaker Street, mtangazaji wake akijiita Clyde Clifford. Sheria za wakati ule zilitaka mtambo mkubwa namna hiyo uwe na fundi mwenye leseni ya daraja la kwanza. Stesheni ikaona kuliko kulipa watu wawili, fundi huyo huyo atangaze, tena akiwa kwenye jengo la mtambo. Feni za kupooza mtambo zilisikika kwenye maikrofoni, basi akawa anaweka sauti za ajabu-ajabu chini ya maneno yake ili kuzifunika. Vijana wa miji midogo ya katikati ya Marekani walikesha wakisikiliza nyimbo ndefu za roki ambazo redio za karibu nao hazikuzigusa. Sasa mtu aniambie AM haibebi roki.

Hapa ndipo hasa ninapokasirika, kwa hiyo nitakaa kidogo. Watu husema AM "inakata sauti ya juu", yaani zile sauti nyembamba, kisha wanarukia kwamba muziki wenye kelele ndio utakaoumia zaidi. Ni kinyume chake. Uzi mnene wa gitaa ukipigwa wazi unatoa hezi 82, yaani mitetemo 82 kwa sekunde. Noti ya juu kabisa kwenye shingo ya freti 24 haifiki hezi 1,400. Yaliyo juu ya hapo ni harmoniki, sauti nyembamba zinazoambatana na noti yenyewe, na ukipandisha gaini, yaani ukuzaji wa sauti, zinazaliwa kwa wingi, hilo ni kweli. Lakini gitaa la roki nzito halitoki kwenye ampu (kikuza sauti) likaenda moja kwa moja studio. Linapitia spika ya inchi 12 ndani ya kabati, na spika hiyo inaporomoka baada ya kilohezi 5 hivi. Yaani ule mngurumo mnaoupenda umeshachujwa kabla hata haujafika kwenye maikrofoni. AM ikija na mkasi wake, inakuta sehemu kubwa imeshakatwa na watengenezaji wa gitaa wenyewe.

Kinachoumia ni matoazi. Yanageuka kuwa mchakacho tu, na ngoma ndogo inapoteza ncha yake. Sikatai. Besi nayo mara nyingi inauawa na kaspika kadogo ka redio yenyewe, wala si mawimbi.

Kisha kuna suala la sauti ya pole na sauti ya nguvu. AM ina mikwaruzo ya chinichini wakati wote, kwa hiyo muziki wenye vipindi vya ukimya unazama ndani yake. Roki nzito haina ukimya: imebanwa tangu studio, inakaa na nguvu muda wote, na kompresa ya stesheni, kifaa cha kusawazisha sauti ndogo na kubwa, haina kazi kubwa ya kuifanya. BBC Radio 3, redio ya muziki wa klasiki, ilikuwa kwenye 1215 nchini Uingereza hadi mwaka 1992. Muziki wa okestra ndio uliokuwa ukiteseka pale, fidla moja ikinong'ona huku mikwaruzo ikiifunika. Tarehe 30 Aprili 1993 masafa hayo hayo yakachukuliwa na Virgin 1215, stesheni ya roki ya taifa zima. Kwa upande wa fizikia, mpangaji mpya alilifaa jumba lile kuliko aliyehama.

Basi kwa nini Virgin wenyewe walilalamikia AM, na mwaka 1995 wakapata FM ya London? Kwa sababu mshindani alikuwa FM, stereo, ndani ya gari lile lile, umbali wa kitufe kimoja. Msikilizaji hapimi AM peke yake, anailinganisha. Hata hivyo stesheni ile, ambayo baadaye iliitwa Absolute Radio, ilibaki kwenye AM hadi Januari 2023. Miaka karibu 30 si kushindwa.

Lawama kubwa naipeleka kwa watengenezaji wa redio. Marekani stesheni ya AM inaruhusiwa kurusha sauti hadi kilohezi 10. Redio nyingi za nyumbani na za magari zina kichujio kinachopitisha 3 au 4 tu. Stesheni inapeleka ndoo nzima, mlangoni inapokelewa kikombe. Ongeza taa za LED na chaja za bei rahisi zinazotapakaza kelele kwenye bendi yote, halafu mtu anasikiliza na kusema AM mbovu.

Kuna jambo moja ambalo bado linanitia mashaka. Nyimbo tatu za roki kwenye AM iliyopangwa vizuri zinasikika kwa nguvu ya kupendeza. Saa tatu mfululizo, sauti nyembamba iliyobanwa namna ile, nadhani inachosha sikio, na nadhani watu wanaondoka bila kujua kwa nini wameondoka. Usiku kuna baya zaidi: wimbi la angani, lililorudishwa chini kutoka juu, likikutana na lile la ardhini, sauti ya mwimbaji inapinda na kukwaruza kwa sekunde kadhaa, kisha inarudi. Kompresa haitibu hilo. Kwa hiyo namwamini zaidi anayeahidi roki ya mchana kwa mji mmoja kuliko anayejivunia kusikika nchi tatu.

Na tusidhani FM ni dawa. Nairobi ilikuwa na X FM kwenye 105.5, roki safi, stereo, na leo haipo tena hewani. Z-Rock, mtandao wa roki nzito uliorushwa kwa setilaiti kutoka Dallas kuanzia 1986, ulikuwa na stesheni za AM na za FM pia, na ulipofungwa mwaka 1996 zote ziliupoteza pamoja. Upande wa pili, Radio Caroline ilipewa 648 AM mwaka 2017 na inapiga roki ya albamu hadi leo, kwa sababu gharama zake ni ndogo na watu wake wanajitolea.

Kwa hiyo akinijia mwenye leseni ya AM anataka roki nzito, sitamwuliza habari za gitaa. Nitamwuliza udongo wa pale mnara ulipo ni mkavu au una unyevu, nyaya za shaba zilizofukiwa chini yake kusaidia kurusha mawimbi zilikaguliwa lini, na ni nani ameshakubali kununua matangazo ya mwaka wa kwanza.