Ubepari wa dola: je, kutaifisha ndiyo ujamaa?

Tarehe 1 Januari 1967 Mobutu, rais wa Kongo, alitaifisha Union Minière du Haut-Katanga, kampuni ya Wabelgiji ya kuchimba shaba iliyoundwa 1906. Mwezi uliofuata, TANU, chama cha Nyerere, ikatangaza Azimio la Arusha, tamko lake la ujamaa, na benki za Tanzania zikawa mali ya umma. Kwa kutazama hati za umiliki tu, Lubumbashi, mji mkuu wa Katanga, na Dar es Salaam zilipitia njia moja. Lakini Nyerere alijiita mjamaa. Mobutu hakujiita hivyo hata siku moja.

Wajamaa wenyewe wamegombana sana juu ya dola, yaani serikali na vyombo vyake. Engels, mwenzake Marx, aliwacheka waliouona utaifishaji wa Bismarck, chansela wa Ujerumani, kuwa ujamaa: kama serikali kushika biashara ya tumbaku ni ujamaa, alisema, basi Napoleon naye ahesabiwe mwasisi wake. Kwake, dola ikiwa mwajiri huku mfanyakazi akibaki kibarua, ubepari haujaondoka. Ndiyo hali ambayo baadaye iliitwa ubepari wa dola. Bakunin, Mrusi aliyepinga kila aina ya dola na aliyefukuzwa katika Jumuiya ya Kimataifa ya Wafanyakazi mwaka 1872, alikwenda mbali zaidi: mfanyakazi akishapewa kiti cha utawala, si mfanyakazi tena. Bernstein, mjamaa wa Ujerumani, na wenzake waliona kura na bunge vinatosha kuigeuza dola polepole. Lenin, kiongozi wa mapinduzi ya Urusi, mwaka 1917 alitaka ivunjwe, mabaraza ya wafanyakazi yashike nafasi yake. Mwaka uliofuata alikuwa tayari anatetea meneja mmoja mwenye amri kiwandani.

Tuiweke Gécamines, kampuni ya serikali iliyomrithi Union Minière, kwenye mizani ya Engels. Watu wa Lubumbashi waliizoea kampuni kama baba na mama: nyumba kambini, shule, hospitali, na gunia la bunga kwa familia. Yote hayo yalianza zamani za Wabelgiji, serikali ikayaendeleza. Wa kupokea bunga alikuwa mfanyakazi, lakini wa kuamua mishahara na wakurugenzi alikuwa Kinshasa. Na kuuza shaba? Kazi hiyo ilibaki kwa Société Générale des Minerais, kampuni ya Brussels yenye undugu na ileile iliyotaifishwa. Kwa maoni yangu mizani haina shaka hapa: ni ubepari wa dola, tena nusunusu.

Tanzania haikuepuka swali hilo. Mwongozo wa TANU wa 1971, kifungu cha 15, ulimkataza kiongozi kuwa na majivuno na uonevu. Wafanyakazi wa mashirika ya umma waliusoma vizuri kuliko ilivyotarajiwa: wakagoma, wakawafungia mameneja nje. Serikali iliposhindwa kuvumilia, iliwarudisha kazini au kuwafukuza.

Huku Katanga, mwaka 2003 zaidi ya wafanyakazi 10,000 wa Gécamines waliondoka katika mpango ulioitwa wa hiari, kwa fedha za Benki ya Dunia. Mwenye kampuni alikuwa bado serikali.