Brazil: wanaharakati waliodai kuhesabiwa

Ninapofundisha sosholojia ya ubaguzi wa rangi huanza na Brazil, si Marekani. Kule Marekani ubaguzi uliandikwa kwenye sheria, kwa hiyo aliyebaguliwa alijua anapambana na nini. Brazil ilikomesha utumwa mwaka 1888 bila kutunga sheria za namna ile, na kuanzia miaka ya 1930 ikajinadi kuwa taifa la damu zilizochanganyika, lisilojua mweupe wala mweusi. Mweusi aliyenyimwa kazi akilalamika, yeye ndiye aliyeambiwa analeta ubaguzi.

Utawala wa kijeshi uliofuata ulizidisha hali hiyo: sensa ya 1970 haikuuliza rangi kabisa. Bila takwimu, ungethibitishaje kwamba weusi wanalipwa kidogo? Mwaka 1976 wadodosaji wa serikali waliwaacha watu wajitaje wenyewe, wakapata majina zaidi ya 130, kama vile rangi ya mdalasini, kahawa ya maziwa, aliyeungua jua. Wengi walitumia machache tu kati ya hayo, lakini orodha yenyewe inaonyesha bidii ya kuukwepa weusi.

Julai 1978, udikteta ukiwa bado madarakani, weusi walikusanyika kwenye ngazi za Theatro Municipal, ukumbi wa maonyesho wa manispaa ya São Paulo. Kijana mweusi alikuwa ameuawa kwa mateso ya polisi, na vijana wanne walikuwa wamefukuzwa kwenye klabu ya michezo kwa sababu ya weusi wao. Hapo likaanza vuguvugu la Movimento Negro Unificado, yaani Vuguvugu la Umoja wa Weusi. Kabla ya kuibana serikali, wanaharakati walikuwa na kazi ngumu zaidi, nayo ni kuwashawishi machotara na weusi kwamba wako upande mmoja. Swali la rangi lilirudi kwenye sensa ya 1980, na ile ya 1991 ilifanyiwa kampeni watu wasiifiche rangi yao. Waliojitaja weusi walikuwa asilimia 5 mwaka 1991; mwaka 2022 wakafika 10.2. Uzazi peke yake hauwezi kueleza ongezeko hilo.

Sheria ya 2012 iliyotenga nafasi maalumu katika vyuo vikuu vya shirikisho, zikiwemo za weusi na machotara, ilizaa mvutano mpya, kwa kuwa baadhi ya weupe walijiandikisha kama machotara. Sasa vyuo vina kamati zinazomtazama mwombaji ngozi, nywele na sura. Wanaozipinga wana hoja, maana si jambo jepesi kumkagua mtu hivyo, lakini mimi naziunga mkono. Mwombaji akileta picha ya bibi yake mweusi haikubaliki kama ushahidi, kwa sababu Brazil humbagua mtu kwa anavyoonekana, si kwa ukoo wake.