Parseli iliyopanda mita mbili

"Papa jometri, parseli yangu iko wapi?" Mama mmoja aliniuliza hivyo mimi mpima ardhi, akitafuta kiwanja chake, mwaka 2002, tumesimama karibu na magofu ya katedrali ya Goma, mashariki mwa Kongo, mvua ikidondoka juu ya mawe na mawe yakitoa mvuke. Tarehe 17 Januari volkano ya Nyiragongo ilikuwa imepasuka ubavuni. Lava ikapita katikati ya Goma, ikafunika sehemu ya uwanja wa ndege na maduka mengi ya mjini, ikaishia ndani ya Ziwa Kivu. Nikamjibu: "Mama, iko palepale. Imepanda tu."

Kama mita mbili hivi.

Kuitafuta kulitutoa jasho. Alama za mipaka zilikuwa chini ya mwamba, kwa hiyo tulianzia kwenye nyumba zilizosalimika kando ya njia ya lava, tukatafuta pembe zake kwenye plani ya kadastri, yaani ramani ya viwanja, kisha tukavuta dekameta, utepe wetu wa kupimia, juu ya mawe yanayokata soli za viatu. Chuma cha alama mpya kilipinda. Fundi alitoboa kwa tindo, nusu siku kwa tundu moja.

Wengi waliamini lava imefuta umiliki. Haikufuta, na sababu ni sheria ya ardhi ya 20 Julai 1973. Kwa sheria hiyo ardhi yote ni mali ya Serikali. Wewe unashika konsesyo, haki ya kutumia kipande chenye mipaka inayojulikana, na mipaka hiyo haijali kama uso wa ardhi umepanda. Mwenye sertifika, hati iliyosajiliwa, alirudi na haki yake hata kama nakala yake iliungua kabatini, maana nyingine hubaki kwenye kitabu cha konsevateri, mtunza hati wa Serikali. Aliyelia ni yule aliyenunua kwa karatasi ya mauzo tu, yenye saini za majirani wawili na ya kiongozi wa nyumba kumi. Karatasi imeungua, mashahidi wamehamia Bukavu, na jirani mpya anavuta kamba kuelekea kwake. Mpaka leo nikiitwa kwenye ugomvi wa mpaka, kabla sijafungua mkoba nauliza: una karatasi gani?

Hata ile ardhi mpya ambayo lava iliitandaza ndani ya ziwa ni ya Serikali, ingawa nimewasikia makomisioneri, madalali wa viwanja, wakiwasifia wateja upepo wake.

Wageni wanadhani kujenga tena palepale ni ukaidi. Ni biashara. Birere, mtaa wa Goma, imeegemea mpaka wa Rwanda. Ukivuka Petite Barrière, bariyeri ya mpakani, mzigo wa kichwani au wa chukudu, baiskeli ya mbao ya kusukuma, unafika sokoni bila lori. Mfanyabiashara wa Goma hanunui udongo, ananunua ukaribu na bariyeri. Mji wenyewe ulianza hivyo, kituo cha Wabelgiji kikitazamana na Gisenyi, ng'ambo ya mpaka, iliyokuwa ya Wajerumani. Ndiyo maana waliokimbilia Gisenyi walirudi baada ya siku chache, wakasimamisha vibanda vya mbao juu ya mawe ambayo hayajapoa. Pesa za koltani, madini ya vifaa vya elektroniki, iliyopanda bei sana mwaka 2000, zilikuwa zimeshaanza kugeuka majumba. Baadaye Umoja wa Mataifa na mashirika ya misaada yakapanga nyumba katika mitaa ya Himbi na Katindo, na kodi ikahesabiwa kwa dola.

Ujenzi nao una hesabu yake ya kichekesho. Jiwe la msingi liko mlangoni. Kinachokula pesa ni shimo la choo, na udongo wa bustani, ambao unaletwa kwa lori.

Tarehe 22 Mei 2021 lava ilishuka tena, ikasimama Buhene, pembeni mwa mji, si mbali na uwanja wa ndege. Mwaka haukuisha kabla sijaitwa huko na dekameta yangu.

Yule mama alijenga juu ya mwamba wake, duka mbele na vyumba viwili nyuma. Geti la zamani limebaki chini. Ncha mbili tu za chuma zimechomoza uani, kimo cha kifundo cha mguu. Amezifunga kamba, anaanikia nguo.