Kodi ya majengo kwenye LUKU: yanayosemwa Dodoma na yaliyo kweli

Tangu Agosti 2021 kodi ya majengo hukatwa mtu anaponunua umeme wa LUKU, ule wa kulipia kabla ya kutumia. Kabla ya hapo ilishahama mikono zaidi ya mara moja: halmashauri zilikuwa zikikusanya, mwaka 2016 ikapewa Mamlaka ya Mapato (TRA), na viwango navyo vikabadilika njiani. Kila mabadiliko yaliacha maelezo nusunusu mitaani, ndiyo maana Nkuhungu utaambiwa hili na Kisasa utaambiwa lile.

Makosa mengi yana mzizi mmoja. Sheria inatoza jengo na inamsamehe mtu, lakini makato yanafuata mita. Jengo, mtu na mita vikilingana, hakuna tatizo. Visipolingana, mfumo hauna namna ya kujua. Mwenye nyumba asipokwenda kusema, ataendelea kukatwa.

"Umeme umepandishwa kimyakimya"

Bei ya uniti haijaguswa na kodi hii. Kinachopungua ni fedha inayobaki kununulia umeme. Kwa viwango vilivyoanza Julai 2023, nyumba ya kawaida isiyo ya ghorofa hukatwa shilingi 1,500 kwa mwezi, yaani 18,000 kwa mwaka. Kila ghorofa au apatimenti yenye mita yake hukatwa 7,500 kwa mwezi, yaani 90,000 kwa mwaka. Kabla ya hapo ilikuwa 1,000 na 5,000. TANESCO, shirika la umeme, anakata na kupeleka serikalini. Fedha si yake.

Chukua mteja wa kawaida wa nyumbani anayelipa shilingi 292 kwa uniti. Ukiongeza VAT 18%, tozo ya umeme vijijini (REA) 3% na ya mdhibiti wa nishati na maji (EWURA) 1%, uniti moja inafika kama 356. Akinunua umeme wa 5,000 katikati ya mwezi, baada ya kodi kukatwa tayari, anapata uniti 14 hivi. Akinunua wa 5,000 hiyohiyo kwa mara ya kwanza mwezi huo, 1,500 inatoka kwanza, inabaki 3,500, na uniti zinakuwa 9.8. Mwezi unaofuata ni vilevile. Anayenunua kidogokidogo, 2,000 leo na 2,000 wiki ijayo, ndiye anayehisi maumivu zaidi, kwa sababu ile ya kwanza inamwachia 500 tu ya umeme. Kodi ni ileile; kinachomshtua ni kwamba imetoka yote kwa mkupuo mmoja.

Kwa hiyo usiishie kwenye tarakimu 20 za tokeni. Meseji ya manunuzi ina mchanganuo: fedha ya umeme, VAT, REA, EWURA, na makato ya kodi au deni. Ukinunua kwa wakala, mwombe akutumie meseji nzima, asikuandikie tokeni peke yake kwenye kikaratasi.

"Ukiweka vigae na geti la maana, TRA wanapandisha kodi"

Hofu hii ina asili yake. Sheria ya ukadiriaji ya mamlaka za miji ya mwaka 1983 ilijengwa juu ya uthamini: mthamini anakagua jengo, anaweka thamani kwenye orodha ya uthamini, na kodi inatozwa kwa asilimia ya thamani hiyo. Shida ni kwamba miji ilikua haraka kuliko wathamini walivyoweza kuzunguka, na majengo mengi hayakuwahi kuingia kwenye orodha. Ndipo vikaja viwango mfuto, yaani kiasi kimoja bila kuangalia thamani ya jengo. Mwaka wa fedha 2018/19 nyumba ya kawaida ilitozwa 10,000 kwa mwaka, na mijini kila sakafu ya ghorofa 50,000.

Chini ya kiwango mfuto, rangi, vigae, dari ya jipsamu na ukuta wa uzio havina uzito wowote. Kinachoangaliwa ni kama nyumba ni ya kawaida au ya ghorofa. Jengo la sakafu tatu mjini ni 22,500 kwa mwezi, hata kama halijapigwa lipu.

Matokeo yake, nyumba ya vyumba viwili Chang'ombe inalipa sawa na jumba la vyumba sita Area D, mradi yote mawili hayana ghorofa. Anayesema si haki ana hoja, lakini unafuu wa kodi hii uko humohumo: hakuna ofisa wa kubishana naye kuhusu thamani ya nyumba yako. Ripoti ya uthamini uliyofanyiwa kwa ajili ya mkopo wa benki, mirathi au fidia ya barabara haiongezi kodi ya majengo hata shilingi.

"Nikifunga nyumba, kodi nayo inalala"

Hailali. Usiponunua umeme, kodi inahesabiwa mwezi kwa mwezi na kukungoja. Dodoma hili ni la kila siku: mtumishi anahamishwa, nyumba ya Ilazo au Nzuguni inakaa tupu miezi minane, deni linafika 12,000. Mpangaji mpya anaingia Jumamosi, ananunua umeme wa 15,000, anapata wa 3,000, na ugomvi unaanza kabla hajafungua mabegi.

Dawa ni ndogo. Siku ya kukabidhiana funguo, mwenye nyumba anunue umeme kiasi mbele ya mpangaji, wasome meseji pamoja. Deni kama lipo litajionyesha hapohapo, na halitakuwa la mpangaji.

"Anayenunua umeme ndiye mwenye kodi"

Kodi ni ya mwenye jengo. Mpangaji anaitanguliza tu kwa kuwa mita iko mkononi mwake. Wenye nyumba wengi wanalijua hili na wananyamaza, na wapangaji wengi wanaona 1,500 ni ndogo mno ya kuvunjia urafiki. Kwa mwaka ni 18,000. Kwa wengine hiyo ni nauli ya kwenda kijijini na kurudi.

Njia isiyo na maneno mengi ni kuikata kwenye pango la nyumba. Chumba na sebule cha 80,000 kwa mwezi, malipo ya miezi sita ni 480,000. Kodi ya majengo ya miezi sita iliyopita ni 9,000. Mpangaji analipa 471,000 na kuambatanisha meseji. Kwenye mkataba unatosha mstari mmoja: "Kodi ya majengo inayokatwa kwenye LUKU ni ya mwenye nyumba, na itapunguzwa kwenye malipo ya pango yanayofuata kwa kuonyesha meseji za manunuzi." Meseji zitumwe kwa mwenye nyumba kila mwezi, maana simu hupotea.

Nyumba ikiwa na wapangaji wanne kwenye mita moja, aliyenunua umeme wa kwanza wa mwezi ndiye aliyekatwa kwa niaba ya wote. Hapo wanazozana wenyewe kwa wenyewe, ilhali deni si la yeyote kati yao.

"Mita tatu, kodi tatu, ndivyo ilivyo"

Sivyo. Nyumba moja ya kawaida ina kodi moja, hata kama imewekwa mita tatu ili kila mpangaji ajitegemee. Nyumba za namna hii zimejaa Makulu na maeneo mengine yanayopokea wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM). Mfumo unaona mita tatu na unaweza kuzihesabu kama majengo matatu: 4,500 kwa mwezi badala ya 1,500, au 54,000 kwa mwaka badala ya 18,000.

Kurekebisha, andika namba zote za mita (zina tarakimu 11), weka alama kwenye ile moja utakayotaka ibebe kodi, kisha peleka taarifa TRA au TANESCO pamoja na uthibitisho wa umiliki na barua ya mtaa inayosema mita hizo ziko kwenye jengo moja. Chagua mita ya sehemu unayoishi mwenyewe, au ya mpangaji mnayeelewana. Mita ndogo za ndani ambazo mwenye nyumba kafunga mwenyewe nyuma ya mita ya TANESCO hazihusiki. Zile hazijulikani na mfumo.

Kosa la upande wa pili lipo pia, ingawa halilalamikiwi: nyumba mbili uani, mita moja, kodi moja. Kisheria kila jengo lina kodi yake. Anayekaa kimya ajue kwamba anabeba deni, hajapewa msamaha.

"Ukifikisha miaka 60 wanaacha kukukata"

Hapa ndipo fedha nyingi za wazee zinapopotea. Msamaha upo kweli. Unamhusu mwenye nyumba aliyefikisha miaka 60, au mtu mwenye ulemavu asiye na chanzo cha mapato, kwa nyumba moja ya makazi anayoishi. Lakini mita haijui tarehe ya kuzaliwa ya mtu. Mzee asiyeomba atakatwa akiwa na 60, atakatwa akiwa na 80.

Tazama masharti moja moja. Lazima awe mwenye nyumba: bibi anayeishi Kikuyu kwenye nyumba iliyoandikwa jina la mwanawe hapati msamaha kwa nyumba hiyo, kwa kuwa mmiliki ni kijana wa miaka 35. Ni nyumba moja tu: mzee mwenye nyumba ya kuishi Makole na nyingine ya kupangisha Mkonze anasamehewa ya Makole, ya Mkonze inaendelea kulipiwa. Na lazima iwe ya makazi: fremu za duka mbele ya nyumba, zenye mita yake, ni habari nyingine.

Msamaha unamfuata mtu, haurithiwi na ukuta. Mzee akifariki, nyumba ikaenda kwa watoto, sababu ya msamaha imekwisha. Mjane aliyebaki, kama naye amefikisha umri na umiliki umehamia kwake, aombe kwa jina lake.

Anayemsaidia mzee kufuatilia aanzie kwa mwenyekiti wa mtaa, apate barua inayotaja jina la mwenye nyumba, mahali nyumba ilipo na kwamba anaishi humo. Kisha akusanye kitambulisho cha NIDA au cheti cha kuzaliwa, nakala ya hati, leseni ya makazi au mkataba wa mauziano, na namba ya mita. Mtu mwenye ulemavu aongeze uthibitisho wa hali yake. Vyote vinapelekwa ofisi ya TRA ya eneo husika, ombi linajazwa, na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa inarudi nyumbani.

Maombi hukwama kwa sababu za kawaida kabisa. Jina la NIDA halifanani na la kwenye hati: huku Mazengo, kule Masengo. Au mita bado ina jina la aliyeuza nyumba miaka kumi iliyopita. Au tarakimu moja ya mita imekosewa, na msamaha unaangukia nyumba ya jirani. Linganisha majina kabla ya kwenda, na kama yanatofautiana, beba kiapo cha majina kilichothibitishwa na wakili au mahakama. Baada ya kukubaliwa, subiri manunuzi ya kwanza ya mwezi unaofuata na usome meseji. Mita ikibadilishwa baadaye kwa kuharibika, soma tena.

Tembe, kanisa na nyumba isiyo na umeme

Nyumba za udongo, za kuezekwa nyasi na nyingine za namna hiyo zinazotumika kwa makazi hazitozwi kodi hii. Kwa Ugogo hilo ni jambo kubwa, maana tembe bado zipo ukitoka mjini kuelekea Bahi au Chamwino, na nyingine zimeshavutiwa umeme. Tembe yenye mita inaweza kukatwa kama nyumba nyingine yoyote hadi mwenyewe atoe taarifa. Akiibomoa na kujenga ya matofali na bati, msamaha huo umekwisha.

Jengo la ibada limesamehewa kwa sehemu inayotumika kwa ibada. Fremu na ukumbi wa kukodisha wa kanisa au msikiti ni biashara.

Nyumba ya sola, isiyo na LUKU, haijasamehewa kwa kukosa mita. Mwenyewe anakwenda TRA, anapewa namba ya kumbukumbu ya malipo na kulipa kwa benki au simu.

"Nimeshalipa ya CDA, nidaiwe nini tena?"

Waliopata viwanja enzi za CDA, Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, walizoea kulipia kila kitu dirisha moja. CDA ilivunjwa Mei 2017, kazi zake zikaenda manispaa, ambayo Aprili 2018 ikawa jiji. Walichokuwa wakilipia kwa mwaka ni pango la ardhi, na hilo bado lipo, peke yake. Linatokana na Sheria ya Ardhi ya 1999, linategemea ukubwa wa kiwanja, matumizi na eneo, na linadaiwa hata kama kiwanja hakina tofali moja. LUKU hailigusi. Usipolipa kwa muda mrefu unaweza kubatilishiwa milki, jambo ambalo deni la 1,500 halikufanyii. Ankara hupatikana ofisi ya ardhi au kwa *152*00#.

Mwenye fremu asichanganye pia na ile 10% ya kodi ya zuio ambayo mpangaji wa biashara huizuia kwenye pango na kuipeleka TRA. Hiyo ni ya mapato.

"Meseji za kodi zinaonyesha nyumba ni yangu"

Zinaonyesha kwamba mtu fulani alinunua umeme kwenye mita fulani. Matapeli wa viwanja na nyumba wanapenda sana kuzitandaza mezani pamoja na bili za maji. Anayenunua nyumba Dodoma adai upekuzi wa hati kwenye ofisi ya msajili, risiti ya mwisho ya pango la ardhi, na tokeni moja inunuliwe mbele yake kuona kama kuna deni. Akishalipa, aende TANESCO kubadili jina la mita wiki hiyohiyo, muuzaji akiwa bado anapokea simu.